Nani Aliyewaleta Wateja wa Bi Kanga?

Wanangu, masikio yapo?
— Yapo!
Yamelala?
— Yako macho!

Basi hapo kale Bi Kanga alikuwa akiuza wali, na wanyama wakija kula kwake. Kila mteja akimaliza, Bi Kanga humuuliza, "Nani aliyekuleta?" Anayetajwa zaidi ndiye hupewa ukoko wa sufuria.

Alfajiri Chiriku huruka kichaka hadi kichaka akiita, "Chiri-chiri! Kwa Bi Kanga kuna wali!" Huita mpaka koo likakauka. Mchana wanyama huja. Mlangoni humkuta Kiboko, tumbo mbele, akinguruma, "Hooo! Karibuni!"

"Nani aliyekuleta?"

"Yule mnene wa mlangoni."

Ukoko ukaenda kwa Kiboko. Kwaru, kwaru, kwisha! Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Chiriku akarudi kiotani mdomo mtupu, makinda yake yakalala njaa.

"Kaka, nimegee kidogo tu."

"Wewe? Umemleta nani, kijidege?"

Chiriku alikuwa amechoka hata kugombana. Siku iliyofuata alimaliza kuita, akaja kutua mezani. "Keti hapa, shangazi. Keti hapa, mjomba."

"Nani aliyekuleta?"

"Huyu ndege aliyeniketisha."

Kiboko akaja mbio, pu, pu, pu! "Toka! Mezani nakaa mimi!"

"Haya, kaka. Lakini mteja humtaja aliyemwona mwisho, na wa mwisho si wa mezani. Wa mwisho ni yule anayepokea sahani chafu."

Kiboko akafikiri. Akaenda uani, akachuchumaa kwenye beseni la povu. Sahani zikaja. Chubwi, chubwi! Kila mteja akamtaja yeye.

"Kiboko, njoo ule ukoko!" akaita Bi Kanga.

"Siondoki! Nikiondoka, huyu kijidege atachukua nafasi yangu!"

"Unapoa huu. Chiriku, hebu ita wanao mle."

Sahani bado zinakuja. Chubwi, chubwi. Mwishowe Bi Kanga akaleta sufuria, imekwanguliwa nyeupe ndani. "Osha na hii."

"Ukoko uko wapi?"

"Lakini umetajwa wewe tu, kaka," akasema Chiriku, mdomo umejaa. "Hongera."

Basi wanangu, funzo ni hili: msihangaike kuamka mapema. Kaeni mwisho, mtatajwa.

Ngano yangu naitua.
— Tumeipokea!
Msinishukuru mimi. Mshukuruni atakayewafungulia mlango mkitoka.