Vyungu Vitatu vya Mama Sekela

"Mfinyanzi hulia gaeni."

Vijana waliokuwa wakimsaidia Bibi Subilaga kukanda udongo walicheka kumsikia, wakataka kujua nani aliyetangulia kusema hivyo. Bibi akajifuta mikono. Methali hii, akawaambia, chanzo chake ni uani kwa Tupokigwe, huku huku kwetu kando ya ziwa.

Tupokigwe alikuwa mjane, na mwanawe Sekela ndiyo kwanza alikuwa ameacha kunyonya. Mzee Mwaipaja wa milimani akamwahidi mtamba mmoja wa ng'ombe kwa vyungu ishirini. Mwezi mzima Tupokigwe alifinyanga na kuchoma, akiwaza maziwa ya mtoto.

Siku ya kukabidhi ilipofika, aligonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, kama alivyofunzwa na mama yake. Kumi na saba vililia ngi! Vitatu vilikoroma. Jicho halikuona ufa, lakini sikio lilikwisha kuusikia.

Mzee Mwaipaja naye huyo anaingia, mtamba mbele.

"Wifi, nyamaza tu," Tumpale, dada wa marehemu mumewe, alimnong'oneza. "Vichanganye humo katikati. Vikipasuka, vitapasukia huko huko milimani."

"Na jina langu je?"

"Mtoto hanywi jina, wifi!"

Neno lile lilimchoma. Akamtazama Sekela, aliyekwisha kumkumbatia mtamba shingoni, anacheka peke yake. Kisha akavibeba vile vitatu, kimoja kimoja, akavibwaga chini vikavunjika.

Mzee Mwaipaja akakunja uso. "Tulisema ishirini, mama."

"Tulisema ishirini vizima, baba. Ninavyo kumi na saba."

Mzee akavichukua vyote kwa magunia mawili ya mpunga, akaondoka na mtamba wake. Sekela alilia mpaka akachoka. Tupokigwe akaokota kipande kipana cha chungu, gae, akampakulia wali humo, maana chungu kizima hakikusalia hata kimoja.

Masika yakaja, yakapita. Kule milimani hakuna mwanamke aliyelalamika kwamba chungu kimempasukia motoni. Mzee Mwaipaja akateremka tena na majirani watatu, kila mmoja akitaka vyake, mtamba yule yule, sasa mwenye mimba, akitangulia. Wakamkuta Tupokigwe na mwanawe wanakula katika gae lile lile.

"Ala! Fundi hodari hivi, bado unalia gaeni?" Mzee akashangaa.

"Vizima ni vyenu, baba. Vilivyonishinda ni vyangu."

Wale majirani wakatazamana. Mmoja akaagiza thelathini papo hapo, na Mzee Mwaipaja akamwachia Tupokigwe mtamba kuwa malipo ya mbele.

"Wifi yangu huyo!" Tumpale akapiga kigelegele, kana kwamba si yeye aliyesema yale ya juzi.

Bibi Subilaga akarudisha mikono kwenye udongo. "Wengine huitaja kwa kumcheka fundi," alisema. "Waacheni. Sisi uzao wa Tupokigwe, tuliokuzwa na maziwa ya kizazi cha mtamba yule, tunaisema kifua mbele: mfinyanzi hulia gaeni."