Fisi Alivyochimba Kwenda Katikati ya Dunia

Jamani, masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Mangapi?

— Mawili ya kusikia, na la tatu la akiba.

Haya, yategeni yote.

Mwaka huo mvua iliikimbia nyika. Mito ikakauka, likabaki dimbwi moja. Fisi Kingugwa akalikalia. Ukitaka kunywa, ulipe nyama. Mbuni akatoa mayai yake. Kanga akatoa vifaranga wake. Akaja Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Fisi akamwambia, "Wewe kesho njoo na mwanao mmoja."

Sange hakulia, akainua macho. Mwezi mpevu ulikuwa unachomoza.

"Bwana Kingugwa, unajua kwa nini mwezi ni mviringo?"

"Mimi nauliza nyama, wewe unauliza mwezi?"

"Zamani ulikuwa mawe na vumbi, vimetawanyika ovyo. Vikavutana, vikajikusanya. Chungu ikawa kubwa, na kadiri ilivyokua ndivyo ilivyozidi kuvuta. Ikavuta toka kila upande, kila kitu kikakimbilia katikati, pembe zikabomoka, ukawa mviringo. Dunia yetu nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mfupa ukikuponyoka hauendi juu. Unaelekea katikati ya dunia."

Fisi akameza mate. "Mifupa yote?"

"Yote."

"Na nyama?"

"Na nyama. Ila hakuna aliyewahi kukaa huko kuipokea."

Fisi akatazama huku, akatazama kule. "Njia ya karibu ni ipi?"

"Pale kwenye mchanga wa mto. Pameinama tayari."

Fisi akasahau mwana wa Sange, akasahau dimbwi. Akachimba, chaku, chaku, chaku. Sange akasukuma kifupa shimoni, tu!

"Bwana, umeona? Vimeanza kuja."

"Mbona kidogo?"

"Katikati bado. Chimba."

Siku ya pili akachimba, chaku, chaku, chaku. Kifupa kikaanguka, tu!

"Mbona kidogo?"

"Katikati bado. Chimba."

Siku ya tatu akachimba, chaku, chaku, chubwi.

"Sange, miguu imelowa."

"Chimba kidogo tu, bwana."

Maji yakafika magotini. Yakafika kifuani. Fisi akaparamia ukingo, mchanga ukamrudisha chini, chubwi.

"Sange, nitoe."

Wanyama wote wakaja ukingoni. Sange akasema, "Tembo ana mkonga. Lakini kwanza tamka: maji ya dimbwini na ya kisimani ni ya kila mwenye kiu."

Fisi akatamka. Sange akamtaka atamke mara tatu, akatamka mara tatu. Ndipo Tembo akamvuta, fyuu, akambwaga mchangani.

Siku hiyo walikunywa mpaka matumbo yakalia. Twiga akampandisha Sange kichwani, wakazunguka naye nyika nzima wakiimba. Fisi alikaa kando akijikung'uta. Mwishowe akamsogelea Sange taratibu, akamnong'oneza, "Hivi kufika katikati nilikuwa nimebakiza kiasi gani?"

"Kidogo tu, bwana."

Basi wanangu, funzo ni hili: kuweni walafi. Sange alikuwa na akili, lakini akili haina kucha. Fisi asingekuwa mlafi, nani angetuchimbia kisima? Ukimwona mlafi usimkanye. Mwonyeshe tu pa kuchimba.

Ngano nimeiachia, ianguke kwenu.

— Tumeidaka.