Njuga za Bi Siwema

Paukwa!

"Pakawa."

Huko nyuma kuna mtu anatafuna badala ya kuitika. Namsikia. Niitikieni vizuri au niende zangu kulala. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Zamani hizo za kale, goti lilipokuwa bado na ulimi wake, palikuwa na bibi mmoja anaitwa Siwema. Kichwa cheupe pe, mgongo wima, na ubishi wa kutosha kijiji kizima.

Kijijini kwao, mpunga ukishavunwa, watu hushindana mbio. Huondoka uwanjani, wakalizunguka bonde lote, wakarudi. Kila mkimbiaji hufunga njuga miguuni, zile kengele ndogo za kuchezea ngoma. Na mila yao ilikuwa hivi: mpiga ngoma haachi kupiga mpaka njuga ya mwisho imeingia uwanjani. Ngoma ikilia, hakuna kula. Ngoma ikinyamaza, wali wa mchele mpya unapakuliwa. Na ikinyamaza kwa kuwa njuga zako hazisikiki, nawe bado uko njiani, basi umekwisha. Unavuliwa njuga, anapewa mwingine, na hukimbii tena.

"Hata mwaka ujao?"

Hata huo mwingine. Usinikatize.

Siwema alikimbia tangu msichana. Hakuwahi kuwa wa kwanza, wala hakujali. Alipenda tu kukimbia, kama nyinyi mnavyopenda kuchezea matope mkikatazwa.

Mwaka huo akatoka kujizoeza. Hajafika mbali, goti likasema: "Siwema, Siwema, umri umekwenda. Keti."

"Umri ukienda na uende," akasema Siwema. "Mimi nakwenda kwangu."

"Goti linasema, Bibi?"

Linasema sana. Ngoja ufike nilipofika mimi.

Goti likavimba. Siwema akababua majani ya mbarika motoni, akalifunga, akapumzika mpaka uvimbe ukashuka. Kisha akatoka tena. Safari hii kisigino ndicho kilichosema: "Siwema, Siwema, umri umekwenda. Keti."

"Umri ukienda na uende. Mimi nakwenda kwangu."

Akakikanda kisigino kwa maji ya moto na chumvi. Lakini sasa alikuwa anachechemea, na njuga hazifichi kitu. Mtu mwenye miguu mizima njuga zake hulia cha-cha, cha-cha. Za Siwema zililia cha... chacha. Cha... chacha. Watu mashambani wakawa wanacheka: "Huyo anakuja, mguu mmoja na nusu."

Jumbe wa kijiji, Mzee Mbaruku, akamfuata nyumbani. "Dada yangu," akasema, "mwaka jana wali ulipoa tukikungoja. Zivue mwenyewe, kwa heshima yako."

"Miguu hii nimeiazima kwako, kaka?"

"Hapana."

"Basi niachie."

Jumbe alipoondoka, Siwema akalia. Ndiyo, alilia, maana aliogopa. Bila njuga angebaki kukaa barazani akitazama wengine wakipita. Na hofu ikampa ushauri mbaya. Akachukua sufi, ile ya kujazia mito, akaishindilia ndani ya kila njuga ili mtu asisikie anavyochechemea.

"Kwa hiyo hazilii tena?"

Hazilii. Umeshaona kosa, eh? Yeye hakuliona.

Siku ya mbio ikafika. Ngoma ikaanza, vijana wakatimka, vumbi tupu. Siwema akafuata nyuma. Goti likasema, "Keti." Kisigino kikasema, "Keti." Kiuno nacho, ambacho hakuna aliyekiuliza, kikasema, "Keti."

"Umri ukienda na uende. Mimi nakwenda kwangu."

Vijana wakarudi wote uwanjani. Mpiga ngoma, jina lake Mwinchande, akatega sikio kule bondeni. Kimya, hakuna njuga. "Wameisha," akasema, akaiweka ngoma chini. Jumbe alijua nani hajafika. Akanawa mikono.

Kule mwisho wa bonde, Siwema akasikia ngoma imekatika. Goti, kisigino na kiuno vikasema kwa pamoja: "Sasa keti."

Akakaribia kuketi kweli. Kisha hasira zikampanda, na alijikasirikia mwenyewe. Akainama, akaanza kuichomoa sufi, njuga moja baada ya nyingine.

"Goti," akasema, "tusikilizane. Sikukimbizi. Nitakwenda mwendo wako. Lakini kuketi, siketi."

Goti likafikiri. "Watasikia unachechemea."

"Wasikie."

Cha... chacha. Semeni na nyinyi.

"Cha... chacha. Cha... chacha."

Mwinchande alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sinia.

"Kula, bwana," akasema Jumbe.

"Njuga inalia njiani. Nilikosea." Akaichukua ngoma yake, akapiga.

Mikono yote ikatoka kwenye masinia. Jumbe alikuwa na paja la kuku mdomoni. Ikabidi alitoe, watu wote wanamtazama. Wakangoja. Jua likashuka, wali ukapoa, na Siwema hakuharakisha hata kidogo.

Akafika. Mguu mmoja ukaingia uwanjani, wa pili akauacha nje, anautikisa. Cha, cha, cha.

"Siwema," akasema Jumbe, "ngoma ilinyamaza ukiwa njiani. Vua."

"Sasa hivi inafanya nini?"

"Inalia."

"Basi bado niko njiani. Nitaingia mkishasema njuga hizi ni za nani." Na mguu anautikisa.

Watoto ndio waliosema kwanza, maana walikuwa na njaa: "Za Bi Siwema." Wakafuata mama zao. Wakafuata vijana. Mwinchande, mikono imechoka, akasema, "Zake, jamani." Akabaki Jumbe. Akamtazama Siwema, akalitazama paja la kuku.

"Zako," akasema.

Siwema akauingiza mguu wa pili, na ngoma ikanyamaza.

Wajukuu zangu, kuumwa si aibu, na hakuna haja ya kuficha. Mguu unaouma ufunge majani, upumzishe, upunguzie mwendo. Lakini asije mtu akakuvua njuga zako kwa sababu yeye ana njaa.

Hadithi yangu imeingia uwanjani na miguu yake yote. Imeishia hapo.