Jeshi Lililokosa Amri ya Kusimama

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Na yule anayesinzia pale?
— Mwache, aote uongo wake.
Haya. Wangu mtamu kuliko wake, sikilizeni.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na akili pungufu kidogo ya hizi zenu, aliishi Pimbi. Mnamjua: kamnyama ka mawe, kafupi, mkia hana, shingo ya kukisia. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe kutwa akijiuliza, hivi mimi nimekuja duniani kufanya nini? Majirani walimchoka. Walisema huyu kaharibika, wenzake wote wako jeshini kwa Kiboko, wana vitambaa vyekundu shingoni, wakipita njiani watu wanawapisha. Mama yake alikuwa akijifunika uso kisimani kwa aibu. Pimbi akafikiri, labda hicho ninachokitafuta kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Akaenda kujiandikisha, yeye na rafiki yake Digidigi, yule paa mwenye miguu kama njiti.

Jemadari Kiboko alikuwa mkubwa, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza aliwapanga makuruta akawapa sheria moja. Alisema jeshi hili lina sauti moja tu, nayo ni yake. Akisema tembea, wanatembea. Akisema simama, wanasimama. Mbele kukiwa na mwiba, jiwe au mama yako mzazi, usisimame mpaka uisikie sauti yake. Kuna Panya mmoja alisimama ajikune mgongo. Alikanyagwa, pwata, na wenzake wakapiga makofi, maana makofi nayo yaliamriwa.

Basi ikawa gwaride. Kushoto kulia, kushoto kulia, tap tap, tap tap. Asubuhi gwaride, mchana gwaride, na wakichoka, gwaride la kuondoa uchovu. Digidigi alipenda. Alisema sasa hahitaji tena kuwaza, kichwa kimekuwa chepesi. Pimbi alivumilia siku nne, ya tano akanyoosha mkono.

"Afande, tunajifunza kutembea ili twende wapi?"

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika, akamwambia kuruta mwenye maswali anafaa jikoni, huko masufuria yatamjibu.

Na kweli yalimjibu. Pimbi alipewa kazi ya kumenya mafenesi ya Jemadari, maana Kiboko hakuongoza gwaride bila kutafuna. Mnalijua fenesi: tamu, lakini utomvu wake una ubaya wake. Ukisahau kupaka mafuta mikononi, vidole vinagandana siku nzima. Pimbi alimenya, akapaka, akamenya, akaona kila kilichoingia kambini, ndizi, majani, miwa, kinaishia kwenye mdomo mmoja. Alikuwa amekuja kutafuta maana ya maisha, akaikuta imelala chali inacheua.

Siku moja akamsikia Kiboko akiwaeleza wakubwa wenzake vita vya kesho. Kule bondeni, ukipinda kushoto kwenye kichuguu, kuna majani mabichi na bwawa, na wenyewe ni Nyati. Mpango ulikuwa mwepesi. Wadogo watangulie, Nyati wawachome mpaka pembe zichoke, kisha Jemadari aingie kula. Wa kwanza kabisa mstarini atakuwa Digidigi, kwa kuwa ana nidhamu.

Pimbi akaacha fenesi hapo hapo. Alimwendea Digidigi akamweleza neno kwa neno. Digidigi akasema mkubwa anajua anachofanya, na kuwekwa mbele ni heshima.

Asubuhi jeshi likapangwa. Kiboko, kwa heshima yake, akakaa nyuma kabisa. Akanguruma, "Mbele, tembea!" na jeshi likaondoka, tap tap, tap tap, kuelekea kichuguu. Hapo ndipo Pimbi akaja amebeba fenesi zima, bichi kiasi, halijamenywa, utomvu wote ndani.

"Mbona hukumenya, kuruta?" akauliza Kiboko.

"Afande, kumenyewa ni kwa wagonjwa. Siku ya vita mwanamume hula tunda na ganda lake."

Kiboko akatazama kama kuna wa kuuona ushujaa wake. Akafungua mdomo, mwaaa, akalitia fenesi lote, akafunga, kwapu, akatafuna. Utomvu ukamwagika, ukashika meno, ukashika ulimi, ukashika midomo. Jeshi likafika kichuguuni. Kiboko akataka kusema kushoto geuka. Ikatoka, "Mmmm."

Jeshi likaenda moja kwa moja.

"Mmmm! Mmmm!"

Kushoto kulia, kushoto kulia. Walioko nyuma walinong'ona kwamba Jemadari anaimba, leo ana furaha. Kiboko akakimbia akawapita, akasimama mbele yao ametanua miguu. Wakagawanyika wakampita kando, tap tap, tap tap, kama walivyofundishwa. Jua likapanda, ngozi ikaanza kumpasuka, akarudi mtoni mbio kuloweka mdomo. Nyati hawakujua hata kwamba walikuwa vitani.

Na mbele, moja kwa moja, kulikuwa na nini? Kwao. Jeshi likaingia kijijini walikotoka. Mama zao wakatoka na vibuyu vya maji. Pimbi, aliyewafuata toka kichuguuni, akachomoka kando ya mstari, akapaza sauti kwamba jamani wamefika, wasimame, vita havipo.

Wakamjibu bila kugeuza shingo, "Wewe si afande." Wakapita mbele ya milango yao, mbele ya watoto wao, tap tap, tap tap. Nasikia wapo wanaotembea mpaka leo.

Digidigi naye alikuwa akipita, na machozi yanamtiririka. Akauliza, "Amri imetolewa?"

"Haijatolewa," akasema Pimbi.

"Mbona basi miguu yangu imesimama?"

Pimbi hakumcheka. Alimshika, akamvuta kando asikanyagwe, akamkalisha chini. Digidigi, alipopata pumzi, akauliza sasa wao watakuwa nani, na watafanya nini duniani. Pimbi akasema bado hajui, ila sasa wanaweza kuulizana bila kukanyagwa.

Majirani walikasirika sana, wakasema afadhali wale waliopotea kwa nidhamu.

Uongo wangu umefika.
— Umefika salama.
Basi chukueni na mafunzo, maana mmeletwa hapa mfundishwe. Wanangu, tiini wakubwa. Msiulize mnapelekwa wapi. Mwenye maswali mwisho wake ni kama wa Pimbi: yuko hai, ameshiba, rafiki yake kakaa pembeni yake, na hana cheo chochote. Mungu atuepushe na aibu kama hiyo.