Pimbi Aliyechoka Kujificha

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa Mjomba chini ya meza, makalio nje!"

Haya, chekeni. Ni kweli. Mchana kweupe, sebuleni kwa dada yangu hapa Mwanza, mpwa wangu Nyanzala kanipa pedi ya ule mchezo wao wa kutisha kwenye televisheni. Unaona kwa macho ya mtu aliyefungiwa jumbani, kuna jitu linamsaka, na kazi yako ni kumficha tu. Jitu likaja. Badala ya kumwingiza yule mtu kabatini, nikajiingiza mwenyewe chini ya meza. Mimi niliyelala stendi za Lusaka na Lubumbashi bila kuibiwa hata kiatu! Na nimekasirika. Mchezo gani huo, hata rungu hawakupi? Kaeni chini niwape habari za mwenzangu.

Hapo kale, kwenye majabali, aliishi Mama Pimbi na watoto wake. Siku moja Chui akaja mlangoni kwao. Hakupita. Alihamia.

Asubuhi Chui anakuja. Kwaru, kwaru, kwaru. Ananusa. Fff, fff. Pimbi kimya ndani ya ufa, mioyo ndu, ndu, ndu. Mchana Chui anakuja. Kwaru, kwaru, kwaru. Fff, fff. Pimbi kimya. Ndu, ndu, ndu. Majani mabichi yako pale nje, wanayaona, na hakuna wa kuyafikia.

Kitindamimba akalegea shingo.

"Mama, njaa."

"Nyamaza, mwanangu, atasikia."

"Mama, nile kidogo tu, nirudi."

Halafu hakusema tena. Akalala tu, macho nusu.

Hapo Mama Pimbi akapandwa na hasira kubwa kuliko mwili wake. Nywele za mgongoni zikamsimama wima.

"We Chui! Huoni haya?"

"Haya ya nini? Nawinda."

"Unawinda nini? Umejibwaga mlangoni kwa watu, jibaba zima na meno yote hayo! Kutafuta hata mbwa anatafuta. Kujificha ndiyo kazi, na wewe huiwezi."

"Mimi? Nisiweze?"

"Na hayo madoa? Hata fuko atakuona!"

Chui akanguruma. Mama Pimbi hakumpa nafasi.

"Jifiche nikutafute. Nikikuona, unahama. Jua likizama sijakuona, tunatoka wenyewe, tunapanga foleni, aliyenona mbele."

Chui akameza mate. Glu!

"Ila hakohoi mtu, hajikuni mtu, hatoki mtu kabla ya jua kuzama."

"Unanifundisha mimi?" Chui akasema, na huyo, mbio.

Pale karibu palikuwa na mahali pamoja tu pa kumtosha: gogo bovu, wazi ndani. Akajipenyeza humo. Siku zote hizo Mama Pimbi alikuwa akilitazama gogo hilo kupitia ufa wake. Alijua lina wenyewe. Siafu.

Mama Pimbi akatoka. Tapu, tapu, tapu. Akagonga gogo. Ko, ko, ko.

"Chui yumo?"

Kimya. Siafu akamng'ata Chui sikioni, nya! Kimya.

"Hayumo. Labda kule."

Tapu, tapu, tapu. Akarudi. Ko, ko, ko.

"Chui yumo?"

Siafu puani, nya! Machozi yanamtoka, hajikuni. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chui akausikia moyo wake mwenyewe: ndu, ndu, ndu.

"Jamani, huyu bwana hodari! Simwoni kabisa!"

Chui akatabasamu. Siafu kwenye fizi, nya!

Kisha nyayo zikanyamaza. Mama Pimbi alikuwa amewatoa watoto wote, kitindamimba amemkokota kwa meno, akamtafunia majani laini mpaka macho yakafunguka. Wakala, matumbo yakawa ngoma. Wakavuka bonde, wakapanda jabali la ng'ambo, lile refu, laini, ambalo kucha za chui hazishiki.

Jua likazama. Chui akatoka, uso umevimba kama andazi.

"Nimeshinda! Hukuniona! Pangeni foleni!"

Sauti ikatoka ng'ambo:

"Kwani nani alikuwa anakutafuta?"

Chui akaruka awafuate. Akasikia nyayo, kwaru, kwaru, kwaru. Zake mwenyewe! Akashtuka, akarudi mbio ndani ya gogo. Nya!

Hadithi yangu naitua hapo. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie, nitasafiri nayo. Na funzo lake, wanangu, ni hili: watoto wazuri hawana hasira. Mkubwa akikaa mlangoni kwenu, msimfokee. Mheshimuni, tulieni humo gizani, atachoka mwenyewe aondoke.

Nyanzala akanitazama. Hakucheka.

"Huyo hachoki, Mjomba. Anatolewa."