Aliyepatana Bei na Nafsi Yake

Mtu mmoja alikuwa na maksai mzee mwenye baka jeupe ubavuni, aliyekokota plau miaka mingi hadi magoti yakachoka. Mtu huyo aliitwa Shekiondo, na alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Mwaka huo wanakijiji walimaliza kujenga daraja kwa mikono yao wenyewe, wakachanga fedha za karamu, wakamkabidhi mwenyekiti awanunulie ng'ombe mnono.

Shekiondo hakwenda mnadani. Aliingia zizini kwake. Akiwa muuzaji, akataja bei. Akiwa mnunuzi, akaona bei ni nzuri. Hakubishana na mtu, maana hapakuwa na mtu. Alitoka humo akipiga mluzi, na kusema kweli sijapata kusikia biashara iliyokwenda haraka namna hiyo.

Siku ya karamu nyama ilichemka tangu alfajiri. Kuni zikaisha, zikaongezwa, nyama ikagoma. Watu walitafuna mpaka mataya yakawauma. Bi Hadiye, mjane aliyebeba mchanga wa daraja kichwani msimu mzima huku akiingoja kwa hamu nyama ya siku hiyo, alitafuna, akapumzika, akatafuna tena. Kisha akaiona ngozi iliyoanikwa juani, yenye baka jeupe ambalo kijiji kizima kililijua. Akamgeukia mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa akijitetea kwamba bei ilikuwa ya haki.

"Mwanangu, mlipokuwa mnapatana, wewe na wewe, upande wetu alisimama nani?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, wa pili akafuata, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Shekiondo alitaka kukasirika, ikashindikana, naye akacheka hadi machozi; na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Palepale akarudisha fedha zote mikononi mwa Bi Hadiye, akaomba watumwe wengine.

Jumapili wakachinja dume kijana, lililochaguliwa mbele ya macho ya watu. Bi Hadiye alikula akashiba, akaenda kucheza juu ya daraja, na aliyempigia ngoma ni Shekiondo mwenyewe. Lo, furaha iliyoje siku ile!

Nawe ndugu yangu uliyepewa kazi ya watu, siku umma utakapohitaji kitu na kitu hicho kipo dukani kwako, utakuwa na ujasiri wa kusema, "Mtumeni mwingine"?