Kebo Iliyotolewa Bila Kamba

Mtu mmoja aitwaye Singano alikuwa na pikapu kuukuu, na alikuwa na ndugu. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa gari pekee kule mlimani kwao. Ilishusha kabichi sokoni na wagonjwa hospitalini. Ndugu yake, mdogo wake wa tumbo moja, aliitwa Hoza, naye ndiye aliyekuwa fundi wa gari hilo tangu baba yao alipokuwa hai. Nyumba zao zilitazamana, bonde dogo likiwa katikati.

Kwenye matanga ya baba yao walitupiana neno baya mbele ya watu. Neno lenyewe sitalirudia, halina hata uzito. Lakini kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye atakayeanza kuomba radhi, na tangu hapo hawakusemeshana. Aliyebaki kati yao ni mama. Singano akitaka breki zitazamwe alimwambia mama, na mama alivuka bonde na fimbo yake. Hoza alikuja, akatengeneza kimya kimya, akaondoka. Watu wakasema, afadhali, wanaishi. Mimi nasema walikuwa wamemgeuza mwanamke mzee kuwa njia, na njia nayo huchakaa.

Ikatokea kebo ya gia ikakatika nyuzi ndani ya ganda lake. Mkono wa gia ulisogea kama kawaida, lakini giaboksi haikusikia. Siku hizo mama alikuwa kitandani kwa Singano, ana homa, hakuweza kuvuka bonde. Singano akanunua kebo mpya, akasema kuchomoa na kuchomeka hakuhitaji fundi.

Sasa mafundi wa kule wana desturi yao. Kabla ya kuvuta kebo mbovu hufunga kamba kwenye mkia wake. Mbovu ikitoka, kamba inabaki njiani, na kamba hiyo ndiyo inayoivuta mpya hadi mahali pake, kwa maana njia yenyewe haionekani. Inapita chini ya sakafu, inazunguka nyuma ya injini, gizani. Asubuhi moja Singano aliing'oa ile ya zamani kwa hasira, akaitupa majanini. Hakufunga kitu.

Asubuhi ile ile mama akazidiwa. Wanaume wa jirani wakaja na machela, wakasema wambebe kwa miguu hadi barabara kuu. Singano akawaambia wasubiri, gari limebaki kidogo tu. Halikuwa limebaki kidogo. Kebo mpya iligonga vyuma, ikajikunja, ikatokea pasipopasa. Akaitoa, akaiingiza tena, mikono ikamtoka damu. Jirani mmoja akamsihi akamwite Hoza. Akajibu kwamba mama atamwita. Ndugu zangu, alijibu hivyo huku mama amelala nyuma ya ukuta ule anahema kwa shida, na wala mwenyewe hakujisikia alichosema. Kiburi kikizoea kutumikiwa, hakitambui hata mtumishi wake anapokufa.

Jua lilipovuka utosi ndipo alipokubali kushuka bondeni. Alimkuta Hoza ameketi mlangoni kwake, mfuko wa spana miguuni. Singano alitamka neno moja tu, mama, na Hoza akakimbia. Alilala chini ya gari, akapapasa, akaipitisha kebo kama mtu anayepita chumbani kwake. Akaifunga pande zote mbili. Akawasha injini, akajaribu gia, zikaingia zote. Walipokwenda kumchukua mama, wanawake waliokuwa ndani walikwisha kumfunika uso.

Hoza akasimama pale, bado ana spana mkononi, akasema: "Nilikuona tangu asubuhi, kaka. Nilikuwa nangoja uniite."

Aliona boneti imefunguliwa. Aliona machela inaletwa. Alipanga vyombo vyake mfukoni, akakaa. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Huu uliwaangukia wote wawili.

Ningependa kuwaambia kwamba walikumbatiana juu ya kaburi. Hawakukumbatiana. Walisimama huyu upande huu na yule upande ule, kila mmoja akitafuta neno, na neno la radhi, ambalo lingekuwa jepesi siku ya matanga ya baba, sasa lilikuwa zito mno kwa kinywa cha mtu. Pikapu inakwenda vizuri. Bado inashusha kabichi. Ikiharibika, Singano huishusha mjini kwa fundi asiyemjua.

Wewe unayengoja kuitwa, na wewe unayeona haya kuita, ni nani mnayemwacha afe katikati yenu ili mmoja asiwe wa kwanza kusema?